Mate ya Mzee Sururi

Waliotema mate walikuwa wawili, vichupa vilivyojaa vilikuwa vitatu. Dalia aliviinua kimoja kimoja kwenye mwanga wa mlango wa duka, akadhani macho yamechoka. Hiki cha baba yake, Haitham. Hiki cha Shakuru. Na hiki cha tatu, ambacho asubuhi alikiona kitupu kabisa, kilikuwa kimejaa mpaka kwenye mstari, kimefungwa vizuri, tena cha moto mkononi.

"Nani ametema humu?"

Haitham alimtazama Shakuru, Shakuru akamtazama Haitham, na kila mmoja aliona mlaghai.

Sasa nikwambie walichokuwa wanatemea, maana watu wazima wa mtaa wa Asiatique, hapa Bujumbura, wenye maduka na heshima zao, hawaketi wakatema mate kwenye vichupa kwa raha zao. Dalia alitaka kuolewa na Shakuru, fundi wa magari wa Buyenzi, kijana asiye na neno na mtu. Wote wawili ni akina Sururi. Hapo ndipo Haitham muuza vitenge aliposhupaza shingo: Sururi wa kweli, alisema, ni waliotoka Omani, hao wa Buyenzi walijibandika tu jina la tajiri waliyemfanyia kazi. Maneno machafu hayo, na aliyasema mbele ya Bi Waridi, mama yake Shakuru, bila hata kupepesa macho. Shakuru hakugombana. Alisema basi tupime ADN, yaani vinasaba, jina linatoka kwa baba kwenda kwa mwana, na damu ya kiume nayo inafuata njia hiyohiyo.

"Kama babu yetu ni mumoja, papa, utanipa Dalia?"

"Wallahi nitakupa," alisema Haitham, kwa jeuri tu.

Kasha la kupimia likaletwa kutoka Ubelgiji. Lilikuwa na vichupa vitatu, viwili vya kazi na kimoja cha akiba.

"Icho cha tatu ni mi nilikipeleka nyuma," alisema Shangazi Fadhila, dada mkubwa wa Haitham, kwa sauti ya chini. "Kwa Mzee."

"Dada! Una akili we?"

"Sasa wanaume wa nyumba wanaitwa, yeye tunamurukaje? Hiyo ni adabu gani?"

Hiyo ndiyo desturi ya nyumba ile. Kila Alhamisi baada ya Alasiri, kikombe cha kahawa chungu huwekwa depo, ghala lililo nyuma ya duka, pamoja na chetezo cha udi, kwa ajili ya Mzee Sururi, yule babu wa kwanza, marehemu wa siku nyingi. Chochote wanachogawiwa wanaume, nyama ya Idi, tende za futari, fungu lake lazima liende depo. Kahawa ilikuwa ikipungua, nao wakasema ni joto la Bujumbura. Ukiwasikia wanavyolisema, ungeona wazi hawaliamini wenyewe.

Haitham alishika lake: fundi ametema mara mbili. Shakuru naye alimnong'oneza Dalia kwamba baba yake anataka kuharibu kipimo ili avunje kiapo. Dalia, amechoshwa na wote wawili, akaandika "Mzee" kwenye kichupa cha tatu na kuvituma vyote.

Basi wakawa wanasubiri, na nyumba ikaharibika. Mchana kweupe, wateja wakiwa dukani wanapapasa vitenge, mtu alisikika depo akivuta kikohozi, taratibu, mtu anayejiandaa kutema, halafu asiteme. Harufu ya udi ikageuka harufu ya kinywa kilichofungwa siku nyingi. Majora ya vitenge yakaanza kukutwa yamelowa, na ule unyevu ulinata vidoleni. Haitham alibadilisha kufuli. Akaweka ufunguo shingoni, akaacha kula chakula cha dada yake, akaanza kumuuliza Dalia alikokuwa hata anapotoka msalani. Kikohozi hakikukoma.

Majibu yalipofika Dalia aliyasoma kwenye simu, wote wakiwa wameketi sebuleni, Bi Waridi pia. Akayasoma tena.

"Inasema nini?" aliuliza Shakuru.

"Inasema we na papa iko damu moja."

"Alhamdulillahi!"

"Ngoja. Inasema muko ndugu. Baba yenu ni mumoja." Dalia aliusogeza ukurasa chini. "Ni huyu wa kichupa cha tatu."

Haitham alisimama na kumnyooshea Bi Waridi kidole. Baba gani? Marehemu baba yake alizikwa kabla fundi huyu hajazaliwa! Bi Waridi akaanza kulia, akaapa hajawahi kumjua mwanaume zaidi ya mume wake. Ndipo Shangazi Fadhila alipojifunika uso kwa mtandio.

"Muache Waridi. Mama yetu, Haitham, nyuma yangu mi hakuzaa tena. Wakampa anywe kahawa aliyobakisha Mzee, ukaja we. Na Waridi alikuja kushona hapa, miaka hana mutoto, nikamuonea huruma. Nikampa na yeye."

"Basi Shakuru ni ami yangu," alisema Dalia.

Kesho yake aliitwa Sheikh Hamimu, anayesomea watu wenye majini kule Buyenzi. Alisikiliza yote, akamgeukia Dalia. "Usilie, mwanangu. Sharia inasema mutoto ni wa kitanda alichozaliwa, ni wa mume wa mama yake. Huyo si babu yenu, ni jini, na jini hana ukoo na sisi. Huyu akitoka leo, ndoa yenu nitaifunga mi mwenyewe. Lakini atoke kwanza."

Dalia aliushika mlango wa depo kwa mikono miwili, akiomba Mungu amtoe, amtoe, amtoe.

Sheikh akaanza kusoma. Mwanzoni palikuwa na kikohozi tu, halafu majora yakaanza kudondosha matone, halafu ile harufu ikawajia usoni, nzito, ya joto, ikitoka na kurudi kwa mpangilio wa pumzi, na Sheikh alipoinua sauti pumzi ile ikapungua, na Dalia akafurahi, wallahi alifurahi, mpaka alipogeuka akaona baba yake ameanguka juu ya vitenge na Shakuru amepiga magoti, midomo yao imekuwa myeusi, na kila aya iliyokuwa ikimpunguzia pumzi yule wa depo ilikuwa ikiwapunguzia na wao, sawasawa, hatua kwa hatua.

"Sheikh, wanakufa!"

Vinywa vya wanaume wote wawili vikafunguka pamoja, na ikatoka sauti moja, ya mzee mpole.

"Nitoke? Vyema. Nitatoka na wanangu."

"Usimujibu!" alisema Sheikh. "Majini ni waongo!" Akaendelea kusoma. Macho ya Shakuru yakageuka meupe.

Huenda alikuwa mwongo kweli. Dalia hakuwa na namna ya kujua, na mpaka leo hajui. Alimrukia Sheikh akamziba mdomo kwa kiganja.

"Abaki! Mzee, baki!"

"Nikibaki, mimi ni baba wa hawa," ilisema sauti. "Huyu ni nani wako?" Mkono wa Haitham ulijiinua.

"Ni papa wangu."

"Na huyu?"

Mkono wa Shakuru ulijiinua wenyewe, vidole vimelegea. Dalia aliuangalia mkono ule, ambao aliupenda kwa kila kovu lake la kazi. Akasubiri Sheikh aseme neno. Sheikh alikuwa anatazama chini.

"Ni ami yangu," alisema.

Pumzi ikawarudia. Haitham alianza kukohoa. Shakuru akafumbua macho, akamwona Dalia, akatabasamu, akamnyooshea mkono amsaidie kuinuka. "Ametoka?" aliuliza. "Dalia, ametoka?"

Dalia alirudi nyuma, akaurekebisha mtandio wake kichwani, kama afanyavyo mbele ya wakubwa.

"Shikamoo, ami," alisema.