Mwanangu Niliyekatazwa Kumwita kwa Jina

Mtu nisiyemjua alimpandisha mwanangu begani, akamtazama mume wangu.

Mume wangu naye akamtazama.

Kisha mume wangu akainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayetoa ruhusa... akaendelea kupuliza tarumbeta.

Nilikuwa ng'ambo ya umati, mtoto mchanga mgongoni, sahani ya maharage mkononi. Lakini niliona. Sikusimuliwa na mtu.

Yule mtu akageuka na koti lake refu jeusi, akaondoka na mtoto wangu.

Mnaosoma ukurasa huu, najua mmeshaanza kumhukumu mtu. Subirini. Nitawapangia mambo kama yalivyotokea, halafu hukumu mtatoa wenyewe.

Ulikuwa mwezi wa Juni, 1957. Mimi ni Esta, Mbena wa upande wa Iringa, nilikuwa mwalimu kabla sijaolewa. Nimezeeka sasa, mjukuu ndiye anayenichapia haya, lakini kumbukumbu bado ni yangu.

Niliolewa Mbeya na Asukile, Mnyakyusa, karani wa ofisi na mpiga tarumbeta wa kanisa.

Tulikuwa na watoto wawili. Rozalia, wa mgongoni. Na kaka yake wa miaka minne, ambaye nilimwita "Baba".

Sikumwita hivyo kwa kumdekeza. Jina lake halisi nilikatazwa kulitamka.

Kwa Wanyakyusa wa wakati ule, mke na baba mkwe hawaonani. Mkikutana njiani, mke anaingia kwenye nyasi na kufunika uso, na mzee naye anapita mbali. Jina la mkwe halitoki mdomoni mwa mke. Ukilitaja, ni kama umemvua mzee nguo hadharani.

Na mwanangu alipewa jina la babu yake.

"Baba ameagiza," Asukile aliniambia siku ya tatu baada ya kujifungua.

"Kwa hiyo nitamwitaje mwanangu?"

"Utamwita Baba. Wake wote wanafanya hivyo."

Nilikubali. Nilikuwa mgeni kwao, na mama mkwe alinipokea kwa sharti moja: nishike mila. Mgeni hushika mila kuliko mwenyeji, kwa sababu mwenyeji akikosea ana ndugu wa kumtetea.

Basi, wiki moja kabla ya siku hiyo, Asukile akaja na habari.

"Jumapili kuna Sikukuu ya Mavuno misheni, upande wa Mbalizi. Bure."

"Bure kivipi?"

"Hakuna kiingilio. Chakula bure. Hata lori la kwenda ni bure."

"Na wewe utapiga tarumbeta?"

"Wimbo mmoja tu. Baada ya hapo nakaa na watoto, wewe upumzike."

Nilikuwa sijatoka nyumbani tangu Rozalia azaliwe. Nikaamini.

Wasomaji wangu, kitu cha bure hulipwa kwa miguu.

Lori lilikuja jua limeshapanda, limejaa watu, mahindi na mbuzi wa sadaka. Baridi ya Juni ilitupiga usoni njia nzima. Baba akataka kukojoa kabla hatujatoka mjini. Akataka tena. Dereva akasimama mara ya tatu, akanigeukia.

"Mama, huyu mtoto au chemchemi?"

Lori zima likacheka. Asukile naye akacheka, kwa kuwa alikaa mbele na wenzake wa tarumbeta na hakuwa ameshika mkono wa mtu.

Kufika misheni, tukaambiwa chakula ni bure ila kila mtu aje na sahani yake. Mimi sikuwa nayo. Nikaazima kwa jirani yetu Marta, mama wa Kisafwa mwenye maneno mengi na moyo mzuri. Nikapanga foleni. Rozalia akachafua nguo na mbeleko. Baba akanivuta gauni.

"Mama, nataka kuona ng'ombe."

"Ngoja."

"Mama, ng'ombe wa sadaka wako nyuma ya kanisa. Nimewasikia."

"Nimesema ngoja, Baba."

Wimbo mmoja tu wa Asukile ulikuwa umefika wa sita.

Nilipopata maharage yangu, nikainama kumfuta Rozalia mguu. Nilipoinuka, Baba hayupo.

Nikatazama kwenye magunia ya mahindi, kwenye maboga, kwenye watoto wa mbio za magunia. Hayupo. Nilipotazama upande wa wapiga tarumbeta ndipo nikaona kile nilichowaeleza mwanzo. Koti jeusi, mwanangu begani, mume wangu akiinamisha kichwa.

Sahani ya Marta niliiacha kwenye majani.

"Marta, umemwona mtu mwenye koti refu?"

"Koti jeusi? Amepita hapa na mtoto." Akashika mdomo. "Mwalimu... isije ikawa mumiani."

Miaka ile watu waliogopa mumiani, wakisema wanateka watu na kuwanyonya damu. Mimi sikuamini. Sikuwahi kukutana na mtu aliyenyonywa, nilikutana na waliosikia tu. Lakini mtu nisiyemjua alikuwa na mwanangu, na hilo halikuwa la kusikia.

Nikakimbilia nyuma ya kanisa.

Nikamwona, amesimama kwenye ng'ombe, mwanangu akinyoosha kidole kwenye pembe. Nilipotokeza tu kwenye kona, yule mtu akashtuka, akajifunika uso na ukosi wa koti, akazunguka ukuta haraka.

Nikazunguka nami. Akawa ameshafika kona nyingine.

Nikageuka, nipitie upande wa pili nimkinge. Aliponiona, naye akageuka.

Jamani... mtu mwema hukimbia hivyo?

Nilitaka kumwita mtoto. Angesikia sauti yangu, angeshuka, angelia, angefanya lolote. Nikafungua mdomo.

"Baba! Baba!"

Wazee wote waliokuwa kwenye benchi wakageuka. Mmoja akanijibu, "Naam, mwanangu." Mwanangu mwenyewe hakugeuka. Kwenye sikukuu ile kila mtoto alikuwa anamwita baba yake.

Nikamwendea mzee wa kanisa aliyekuwa akitangaza mnada wa sadaka kwa bomba la bati. Aliitwa Kalinga, Mhehe. Nikafurahi, mtu wa upande wa kwetu, nikamsalimu kikwetu.

"Kamwene, mzee. Nimepotelewa na mtoto. Nitangazie."

"Kamwene, mama. Anaitwa nani?"

"Wa kiume. Miaka minne. Kaptula ya kaki, sweta ya bluu, kovu juu ya nyusi."

"Kovu halisikii likiitwa. Jina."

"Silitaji."

Akalishusha bomba, akanitazama kama ninaumwa.

"Unaitwa nani wewe?"

"Mwalimu Esta."

"Mwalimu mzima, jina la mtoto wako hulijui?"

"Nalijua. Silitaji. Ni jina la mkwe."

"Aa, umeolewa kwa hao." Akatikisa kichwa. "Basi mlete mumeo alitaje yeye."

"Yule pale, anapuliza."

"Basi ngoja wimbo uishe."

Akanigeuzia mgongo, akaendelea kumnadi jogoo.

Nikapita katikati ya watu mpaka kwa wapiga tarumbeta. Nikamvuta Asukile mkono wa shati. Mashavu yamemvimba, macho yamemtoka, haondoi chombo mdomoni. Ubeti ukaisha, akapata pumzi.

"Esta, usimfuate yule mtu."

"Unamjua?"

"Usimfuate. Nakuomba."

"Ana mtoto wetu!"

Kiongozi akainua mkono. Mume wangu akarudisha tarumbeta mdomoni.

Wasomaji, nimeishi na mwanamume yule mpaka alipofariki, na nilimpenda. Lakini dakika ile, kama ningekuwa na jiwe, lingeingia kwenye mdomo wa ile tarumbeta.

Nikageuka. Koti jeusi sasa lilikuwa kwenye barabara, mahali yalipoegeshwa malori. Dereva wa lori moja alikuwa anazungusha chuma cha kuwashia. Injini ikakohoa, ikawaka. Yule mtu akasogea nyuma ya lori hilo na mwanangu.

Nikakumbuka mama mkwe na sharti lake. Nikakumbuka wanawake wa kwao Asukile walioketi pale kwenye nyasi, wakinitazama kama wanavyomtazama mgeni siku zote, wakisubiri akosee.

Halafu nikaita.

"Jailos!"

Nilikuwa nimefundisha madarasa ya watoto sitini bila kengele. Sauti ninayo.

"Jailos! Jailos, simama hapo hapo!"

Tarumbeta zilinyamaza, moja baada ya nyingine. Ya mume wangu ndiyo ilikuwa ya mwisho. Wale wanawake kwenye nyasi wakafunika nyuso zao wote kwa pamoja.

Mwanangu akageuka kule juu begani, akanipungia mkono.

Na yule mtu mwenye koti akasimama. Akasimama kama askari aliyepewa amri. Hakugeuka.

Nikaanza kumkimbilia. Asukile akanipita mbio, akasimama mbele yangu, mikono ameitanua.

"Usisogee. Esta, huyo ni Jailos."

"Najua ni Jailos, nimemzaa mimi!"

"Aliyembeba, mke wangu. Ndiye baba yangu."

Sikuwahi kumwona. Siku ya harusi nilifunikwa. Alipokuja Mbeya nilijifungia jikoni mpaka aondoke. Ningemjuaje?

 Nikaketi pale pale kwenye vumbi, nikavuta nguo usoni. Mbele ya sikukuu nzima nilikuwa nimemfokea baba mkwe wangu kwa jina lake, mara tatu, na kumwamuru asimame.

 Kisha mzee akasema, kwa Kiswahili ili nisikie, ila maneno akamwelekezea mtoto.

"Jailos, mwambie mama yako, babu aliitwa akasimama. Nimekuja toka Tukuyu kukuona wewe. Nikakukuta unaelekea kwenye pembe za ng'ombe, nikakubeba. Nikamwonyesha baba yako, akakubali. Kila mama yako alipotokea mimi nilirudi nyuma, maana ndiyo heshima. Naye akazidi kuja. Mama yako ana mbio."

Mtu mmoja akacheka, akajizuia.

"Sasa muulize," mzee akaendelea, "kwa nini hakuita tangu mwanzo?"

Mtoto hakuuliza. Nilijibu mwenyewe, uso ndani ya nguo, nikiiambia ardhi.

"Kwa sababu mzee aliagiza mtoto apewe jina lake."



"Mimi?" akasema. "Asukile!"

Mume wangu akatazama viatu vyake.

"Asukile, mimi nilikwambiaje alipozaliwa?"

"Ulisema... apewe jina ambalo mama yake ataweza kuliita."

"Na sababu nilikupa?"

"Ulinipa."

"Waambie hawa."

Mzee hakumngoja. Akasema mwenyewe, polepole, bado ametupa mgongo.

"Ndugu yangu mdogo alikuwa na jina la babu yetu. Alipotea kwenye nyasi karibu na mto. Mama yangu alimtafuta kwa kupiga makofi. Makofi, jioni nzima. Hakulitamka lile jina."

Hakueleza kama walimpata, na hakuna aliyemuuliza.

"Nilitaka kukufurahisha, baba," Asukile akasema.

"Umejifurahisha mwenyewe."

Mzee akamshusha mtoto, akampa Marta, Marta akanikabidhi. Mtoto alinuka ng'ombe na tumbaku. Sijawahi kushika kitu kilichonuka vizuri kama kile.

Njiani kurudi nilimuuliza Asukile swali moja tu.

"Ulijua anakuja?"

"Nilijua. Ningekwambia, ungebaki nyumbani. Nilitaka utoke kidogo. Na uliponivuta shati, niliona aibu kukiri."

Haya, mwekeni kwenye mizani yenu. Alinidanganya ili nifurahi, kama alivyompa mtoto jina la baba yake ili mzee afurahi. Watu wawili aliowapenda, na hakuna aliyeulizwa.

Nilituma kuku Tukuyu kama faini ya ulimi wangu. Akarudishwa mzima, na maneno juu yake: mwenye kosa ni aliyetoa jina, yeye ndiye alete jogoo. Asukile akapeleka jogoo. Mzee akamla, akampa mjukuu jina la pili, Timotheo, na nyumbani kwangu ndilo aliloitwa tangu siku hiyo.

Mimi na mzee hatukuonana uso kwa uso mpaka alipokufa. Heshima ile niliishika na sijutii. Jina lake nililitamka tena siku moja tu, pembeni ya kaburi, taratibu, na hakuna aliyefunika uso.

Na leo nimeliandika hapa, mbele yenu.

Kabla hujampa mtoto jina, simama mlangoni umwite kwa sauti yako yote, kama mtu aliyempoteza. Kama ndani ya nyumba hiyo kuna mtu asiyeruhusiwa kuita hivyo, na hasa kama ni mama yake, hilo jina siyo la mtoto. Tafuta lingine.