Spana Nyekundu

Apa kwanza kwamba hutamwambia mtu. Umeapa? Haya, mimi sikuapa.

Rafiki yangu, mtunza stoo kwenye uchimbaji wa mvuke wa ardhini, alikuwa akiibiwa spana. "Mama, ikipotea nyingine, kibarua chako kimeota nyasi," msimamizi alimwonya. Asubuhi akaipaka spana ya mwisho rangi nyekundu; adhuhuri haipo! Akiwapelekea mafundi glavu, akasikia ngo, ngo, ngo, ndani ya kisima kilichofungwa tangu juzi.

"Mwizi wangu huyo!" Yowe lake likawaleta wote.

"Kilomita mbili chini, mama? Anatengeneza nini huko?" wakamcheka.

Wakafungua mfuniko. Gizani, karibu kabisa na mdomo wa kisima, ncha nyekundu ya spana ilikuwa ikigonga bomba, taratibu. Msimamizi akaidaka, akaivuta.

Na huko chini, aliyeishika naye akavuta.