Mama Aliyeandikwa Marehemu

Miwani ilianza kunuka vumbi la mawe.

Ilikuwa miwani mizito ya kompyuta, iliyoletwa na wafadhili kwenye maktaba moja ya Migori mwaka 1996. Ukiivaa unajiona ndani ya nyumba kubwa yenye milango mingi, na ukigeuza kichwa, nyumba inageuka nawe. Bhoke, mkutubi, ndiye aliyekabidhiwa. Kila asubuhi aliipangusa kwa spiriti. Haikuacha kunuka.

Kisha wasomaji wakaanza kuuliza, kwa sauti ya chini, yule mama anayeponda mawe chumba cha mwisho ni nani. Nyumba ile ilitengenezwa bila mtu ndani.

Bhoke aliivaa mchana, maktaba imejaa watu, akaufuata mlio wa nyundo mlango baada ya mlango, mpaka akaona mgongo anaoujua, na leso ya manjano anayoijua, na yule mama, bila kugeuka, akamwambia kwa Kikuria, kwa sauti ya mama yake mzazi, "Nimekufa, sivyo? Wewe ndiye uliyeandika."

Ni kweli aliandika. Kwenye fomu ya kazi, penye jina la mama, alijaza: Robi, marehemu. Robi alikuwa hai, akiponda mawe ya dhahabu kule Masara. Siku moja alikuja maktaba na vumbi mpaka kwenye kope, na Bhoke akawaambia wenzake huyu ni muuza mkaa. Robi alisikia. Akageuka, akaondoka.

Kesho yake alfajiri Bhoke alimweleza Hemed, mwenye duka la vitambaa aliyewasomea watu dua. Hemed alisikiliza akitazama chini.

"Dada, umemvua mtu jina akiwa hai, jini amelivaa. Miwani nitaisomea. Wewe nenda ukamwite mama mbele ya watu, kabla jua halijatua."

Asubuhi ile ile Hemed akaisomea miwani, ikaacha kunuka. Bhoke akafika Masara jua likingali juu, akaita "Mama" mbele ya waponda mawe wote.

Robi aliinua macho. "Unamtafuta nani?"

"Wewe. Mimi ni Bhoke."

"Bhoke wangu amekuja asubuhi," Robi alisema taratibu. "Ameniomba msamaha. Yuko ndani, anachota maji anioshe miguu."

Ndani ya nyumba ya Robi, pembeni ya machimbo, maji yalimiminwa kwenye karai, na mlangoni ikatoka harufu ya spiriti.

Wanawake waponda mawe wakauliza mgeni huyu ni nani.

"Sijui," Robi akasema, akiokota nyundo yake. "Labda muuza mkaa."