Nzi Kumi na Mmoja wa Asmahani

Saa moja na nusu asubuhi, nzi kumi na mmoja walikuwa wamekusanyika kwenye taa isiyo yao.

Asmahani aliwahesabu tena. Kila Jumatatu, kabla ya kengele, yeye na Kulwa huwatia nzi wa matunda arobaini katika neli ndefu ya kioo. Upande mmoja kuna taa ya kijani. Upande wa pili kuna taa ya kukagulia noti, inayotoa mwanga wa urujuanimno, ambao macho ya watu hayauoni. Huiazima kwa mzee Mabruki, mwenye duka hapo mtaa wa Chemchem.

Jicho la nzi limeundwa kwa vijicho vingi vidogo, na kila kimoja kina seli nane za kupokea mwanga. Nzi wa klabu yao ya sayansi wamerithi jeni yenye hitilafu, hivyo seli ya saba haiumbiki. Nzi mwenye seli hiyo huufuata urujuanimno; asiye nayo huifuata taa ya kijani.

"Andika sifuri, mwenzangu," alisema Kulwa. "Au hutaki kwenda Kaliua?"

Mwalimu Tekla alikwishawaambia: matokeo yasipoeleweka, hakuna kupanda treni Ijumaa kwenda kwenye maonyesho ya sayansi.

"Nataka. Lakini ni kumi na mmoja."

"Haya, baki uwafuge hao kumi na mmoja wako."

Asmahani aliandika 11.

"Shikamoo, mwalimu," walisema mlango ulipofunguliwa.

"Marahaba. Nimewasikia tangu nje." Mwalimu Tekla alilisoma daftari. "Wiki mbili zilizopita uliwalisha nini?"

"Uji wao wa mahindi ulikwisha. Niliwapa embe nililookota barabara ya Kwihara."

"Ulilichemsha?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi lilikuja na mayai ya nzi wa nje, na wiki mbili zimewatosha kukua. Hao seli zao zimetimia, na kwa kuwatazama tu huwezi kuwatofautisha na wetu."

Alileta chupa ya akiba ya nzi wao, ambayo haikutiwa embe. Walirudia jaribio. Nzi thelathini na tisa walikwenda kwenye kijani. Mmoja alibaki katikati.

"Kulwa, mngeandika sifuri, tungebeba chupa iliyochanganyika hadi Kaliua, ituumbue mbele ya watu," alisema mwalimu. "Namba ikikusumbua, tafuta sababu yake. Usiifute."

"Na maembe, mwalimu?" aliuliza Asmahani.

"Maembe kula wewe."

Ijumaa treni iliondoka Tabora. Asmahani alikuwa amepakata chupa ya akiba, na daftarini zilikuwamo namba zote mbili: 11 na 0.