Adapta ya Redio ya Bibi

Kila Ijumaa baada ya masomo, kikundi cha umeme kilikutana kwenye karakana ya shule. Chiriku, msichana aliyepewa jina hilo kwa wingi wa maneno, alikuwa nayo ya kutosha siku hiyo. Alikuwa amemaliza kutengeneza adapta ya kuunganisha redio ya bibi yake na umeme wa ukutani.

Redio ile haikuweza tena kutumia betri, kwani sehemu ya betri ilikuwa imeliwa na kutu. Na jioni hiyo shangazi yake, binti wa Bibi, angesoma taarifa ya habari redioni kwa mara ya kwanza. Bibi alishawatangazia majirani wote.

Mbele ya mwalimu wa kikundi, Chiriku aligusisha mita kwenye nyaya za adapta.

"Volti tisa, Mwalimu. Imetulia tuli."

"Umeipima ikiwa na mzigo? Yaani, umeiunganisha na kitu kinachokula umeme?"

"Ndiyo, Mwalimu," alijibu, mkoba uko begani tayari. Hakuwa ameipima hivyo. Alikuwa na haraka tu.

Nyumbani, Bibi alikuwa amevaa gauni lake la kutokea, utadhani shangazi angemwona. Chiriku akachomeka adapta. Redio ikatoa mvumo mzito, na mtangazaji akasikika kama mtu aliyefungiwa kwenye mzinga wa nyuki.

"Anasema nini huyo?" Bibi aliuliza.

"Sijui, Bibi."

"Basi na mwanangu nitamsikia hivyo hivyo?"

Chiriku aliichomoa adapta. Aliona aibu. Alifikiria kusingizia transfoma ya mtaa, kisha akabeba redio na adapta, akarudi shuleni mbio.

Mwalimu alikuwa anafunga karakana.

"Mwalimu, sikuipima na mzigo. Nilikudanganya."

Mwalimu alifungua tena kufuli. "Weka mezani. Umeme wa ukutani huenda na kurudi. Diodi mbili huupitisha ukienda, mbili nyingine ukirudi. Moja ikigoma, nusu inapotea. Kapasita ni pipa la kuutunza umeme huo. Ukilijaza mara chache huku redio inachota, umeme unapanda na kushuka. Huo ndio mvumo. Haya, itafute iliyogoma."

Chiriku alizitikisa diodi moja moja. Ya tatu ikacheza kama jino bovu, maana lehemu haikushika. Akailehemu upya, akawasha redio. Mvumo ulikuwa umekwisha.

"Bila mzigo hakuna anayechota, kwa hiyo pipa hubaki limejaa," Mwalimu alisema. "Mita haikukudanganya. Wewe ndiye uliyenidanganya mimi. Ungesema hujapima, tungeligundua kosa hapa hapa."

"Nisamehe, Mwalimu."

"Nimekusamehe. Wahi nyumbani."

Walipokuwa wanaisubiri taarifa, Chiriku alimweleza Bibi yote, bila kuficha. Bibi alisikiliza mpaka mwisho.

"Mtungi mtupu hauvuji, mjukuu wangu," alisema. "Ukitaka kuujua ufa wake, tia maji. Na ukiulizwa kama umetia, sema kweli, hata kama kweli yenyewe itakuchelewesha. Sasa nyamaza kidogo, ukiweza."

Redio ikakaa kimya, kisha sauti ya shangazi ikatoka, kila neno mahali pake.

"Habari za jioni, msikilizaji."

"Nzuri, mwanangu," Bibi akaijibu redio.