Fundi Jovina na Gari la Tunduru

Asubuhi moja ya mwaka 1996, pikapu ya bluu ya abiria wa Tunduru ilizimika katikati ya njia ya kuingilia stendi ya Songea. Mabasi yaliyokuwa nyuma yakapiga honi. Dereva wake, Pankrasi, kijana mrefu aliyevaa shati la mitumba lililonyooshwa kwa pasi, alishuka akitokwa jasho.

"Betri tena! Ya tatu tangu Pasaka!"

"Labda kosa si la betri, kaka."

Aligeuka. Msichana aliyesema hivyo alivaa ovaroli la kijani na kilemba cha kitenge cha njano. Alikuwa Jovina, fundi umeme wa magari mwenye kibanda chake mtaa wa Lizaboni.

"Fundi yuko wapi?" Pankrasi aliuliza.

"Unaongea naye."

Walilisukuma gari hadi likawaka. Kule kibandani Jovina alikagua mkanda, akakaza vichwa vya betri, kisha akaweka mita ya umeme kwenye betri huku injini ikinguruma.

"Hapa tunataka kuona volti kumi na nne. Unaona ngapi?"

"Kumi na mbili kasoro."

"Basi altaneta haichaji. Umenunua betri bure."

Alipoifungua, kaboni za ndani zinazopitisha umeme zilikuwa zimelika, zimebaki kama punje za mahindi. Akaweka kaboni mpya.

"Vidole laini hivyo vinawezaje vyuma?" Pankrasi alitania.

"Vinaweza. Nipe spana, acha kuvitazama."

Kuanzia siku hiyo mazoea yaligeuka mapenzi, na kila alipofika Tunduru, Pankrasi alipiga simu dukani kwa Mama Suzana, jirani wa kibanda.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Na wewe usiendeshe kama unafukuzwa."

Mama Suzana alijifanya anapanga sabuni, huku akisikiliza kila neno.

Februari iliyofuata mvua kubwa ilimkuta Pankrasi njiani akitoka Tunduru. Aliwasha taa na waipa, na kabla ya kufika Namtumbo gari likafa. Abiria walimtukana huku wakilowana. Dereva mmoja aliyesimama kumsaidia, aliposikia ni nani aliyetengeneza altaneta, alicheka: "Huyo binti amekubadilishia altaneta, ndugu yangu. Ile nzuri ameiuza."

Pankrasi alifika posta ya Namtumbo ameloa chapachapa, akapiga simu.

"Altaneta yangu umemuuzia nani?"

Jovina aliibana simu sikioni. "Rudia."

"Umenisikia."

"Lilete gari, Pankrasi. Maneno hayo baki nayo." Akakata simu, akalia mbele ya Mama Suzana.

Kesho yake lori liliivuta pikapu hadi Lizaboni. Jovina hakumkaribisha kiti. Aliliwasha gari kwa betri ya kuazima, akaiondoa, kisha akampa Pankrasi mita.

"Pima mwenyewe. Anza kwenye altaneta. Soma kwa sauti."

"Kumi na nne na nusu."

"Sasa kwenye betri yako."

"Kumi na moja... nukta tisa." Sauti yake ilififia.

"Altaneta ni nzima. Umeme unapotea njiani." Alizima injini, akaufuata waya mnene hadi penye utepe mweusi, akaubandua. Waya ulikuwa umechunwa vibaya, zimebaki nyuzi mbili. "Nani amegusa hapa?"

Pankrasi aliinamisha kichwa. "Aliyefunga redio. Nilitaka tukienda kwenye harusi ya rafiki yangu Ruhuwiko usikie muziki. Nilikuficha nikushangaze."

"Umenishangaza kweli," Jovina alisema. Alitaka kubaki amenuna, lakini kicheko kilimponyoka.

Pankrasi hakucheka. Alivuka hadi dukani, akasimama mbele ya wateja.

"Mama Suzana, shikamoo. Jana nilimwita fundi huyu mwizi kwenye simu yako. Nilikosea. Nisameheni, na wewe Jovina unisamehe."

"Marahaba. Mimi nimekusamehe," alijibu Mama Suzana. "Huyo muulize mwenyewe."

Jovina alikuwa mlangoni, anafuta grisi mikononi.

"Nataka wazee wangu waje kwenu," Pankrasi alimwambia.

"Waje Jumapili baada ya misa. Nawe usimsikilize tena kila mtu wa barabarani."

"Sirudii, fundi wangu."

Jumapili wazee walijaa sebuleni kwa Mzee Athanasi, baba yake Jovina. Jovina aliitwa, akaingia amevaa gauni la zambarau, nywele zimesukwa upya. Baba yake alimwonyesha bahasha iliyokuwa mezani.

"Wageni hawa wameleta barua ya posa. Tuipokee?"

Jovina alimtazama Pankrasi, aliyekaa nyuma ya wazee wake.

"Ipokeeni, baba."

Vigelegele vilisikika mpaka barabarani.