Mpini Hauachwi

Jumamosi hiyo ilianza kama siku yoyote ya usafi. Jirani yetu, ambaye mtaa mzima humwita Mwalimu kwa kuwa amewafundisha hesabu wazazi na sasa anawafundisha watoto wao, alifungua kufuli la duka la aiskrimu la marehemu baba yake saa sita mchana. Nyuma yake alikuja mdogo wake, aliyerudi juzi baada ya miaka tisa ng'ambo. Jina la utotoni lilikuwa halijamwacha: Kijiko, kwa sababu hakukubali kulala mpaka alambe kijiko cha mwisho.

Duka lilikuwa limefungwa miezi kumi na moja. Jumatatu mnunuzi angechukua funguo.

Hawajamaliza kufungua dirisha, mwuza magazeti akachungulia.

"Mnafungua tena? Aiskrimu ya mzee naiota mpaka leo, nakuapia."

"Ota tu, ndugu yangu," Mwalimu akamjibu. "Ndotoni hakuna foleni."

Jamaa akacheka, akaenda zake. Mwalimu hakucheka. Aliwakumbuka wateja wote, mmoja mmoja, walivyokuwa wakivuka barabara mwaka ule wa mwisho kwenda kwenye duka jipya lenye mashine za kumeta, wakipita mbele ya kioo cha baba yake huku wakitazama viatu vyao. Sasa kila mmoja alijidai mteja wa damu wa mzee. Angeweza kuwaambia hayo. Hakuwaambia, maana mwenye deni la moyo hasuti wenzake.

Mbele kulikuwa na meza nne za marumaru na kioo kirefu chenye madoa. Katika chumba cha nyuma kulikuwa na pipa. Pipa la mbao. Ndani yake kopo refu la bati la kutia maziwa. Kati ya bati na mbao, barafu na chumvi ya mawe. Juu yake mpini wa mti, uliolainishwa na viganja vya miaka arobaini. Mzee hakutaka kusikia habari za umeme. Kwake sheria ilikuwa moja: ukishika mpini, huuachi mpaka mwenzako aushike. Unasema, "Nipokee." Naye anasema, "Nimepokea." Hapo ndipo unaachia. Mpini ukisimama kidogo tu, maziwa yanashika punje, na aiskrimu inakuwa mchanga mdomoni.

"Nyumba iungue," mzee alikuwa akisema, "mpini hauachwi."

Mabinti zake walilizoea neno "Nipokee" hata kinywa kilijibu kabla ya akili.

Kijiko alikuwa amekuja na mzigo wake: maziwa, sukari, vanila, chumvi, gunia la barafu.

"Pipa moja tu, dada. La kumuaga."

"Tumekuja kufagia."

"Tutafagia tukishalamba. Ama kweli, hesabu zimekukausha wewe!" Kisha akasema taratibu, "Mimi sikumzika."

Mwalimu akaweka ufagio chini.

"Alikuwa ameketi wapi siku ile?" Kijiko akauliza, akiponda barafu.

"Pale mbele, kwenye kiti. Usingizi ulimpitia, hakuamka."

Ndivyo alivyowaambia watu wote. Ukweli aliujua peke yake. Mchana ule mzee alikuwa akizungusha pipa kwa ajili ya wateja ambao hawangekuja, akihema kama aliyepanda mlima. "Nipokee, mwanangu," alimwambia. Naye alikuwa ametoka shule na madaftari sitini ya kusahihisha, amechoka kumwaga maziwa kila jioni, amechoka kuwa yeye tu aliyebaki. Akasema, "Unamtengenezea nani? Liache!" Akaubamiza mlango. Aliporudi, mzee alikuwa amepiga magoti kando ya pipa, amekufa, kiganja kimeng'ang'ania mpini. Alimfungua kidole kimoja kimoja. Kisha akamburuta hadi kwenye kiti, ndipo akaita watu.

Pengine yeyote kati yetu angefanya vivyo hivyo.

Saa nane Kijiko akaanza kuzungusha. Barafu ikagonga mbao, harufu ya vanila ikajaa chumba, na kwa muda mfupi wakawa watoto tena. Mkono ulipochoka, akasema, "Nipokee, dada."

"Nimepokea."

Kijiko akaenda mbele kuosha vikombe. Mwalimu alimsikia akiimba, maji yakitiririka. Akazungusha. Maziwa yalianza kuwa mazito, mpini ukawa mgumu. Bega likamwuma.

Halafu mpini ukawa mwepesi.

Wepesi wa mzigo uliopata mtu wa pili. Mwalimu akalegeza mkono kidogo. Mpini uliendelea, ukiuvuta mkono wake. Upande wa pili wa pipa hapakuwa na mtu. Lakini pumzi ilisikika. Ilitoka chini, kimo cha mtu aliyepiga magoti.

"Nipokee."

Mwalimu akageuka kutazama mlangoni; huko mbele Kijiko bado alikuwa akiimba.

"Nipokee, mwanangu."

Sauti haikuwa na hasira. Ilikuwa imechoka tu. Miezi kumi na moja bila kupokewa. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wa Mwalimu. Neno moja. Akalimeza. Akauachia mpini na kurudi nyuma mpaka ukutani.

Mpini ukaendelea kuzunguka.

"Nipokee."

"Nimepokea!"

Alikuwa Kijiko, mlangoni, vikombe mkononi, akicheka. Kinywa kilikuwa kimejibu kabla ya akili. Akaweka vikombe, akapiga hatua mbili, akaushika mpini. Kicheko kikakatika.

"Dada," akanong'ona. "Mbona umemwigiza baba?"

Mwalimu angeweza kusema kweli wakati ule. Alisema, "Tuondoke."

Hawakuondoka mpaka aiskrimu iliposhika. Kijiko alikataa kuachia. Ilitoka laini, bila punje hata moja. Kijiko alionja akalia, akasema ni tamu kama ya zamani. Mwalimu alionja chumvi tupu.

Kiganja cha kulia cha Kijiko hakikufunguka tena. Madaktari walikipiga picha, wakasema mifupa ni mizima. Kila siku ifikapo saa nane, alikaa kwenye meza ya chakula ya dada yake, na mkono ule ukaanza kuzunguka juu ya ubao, polepole, ukiwa umeshika hewa. Alikonda. Midomo yake ikawa na rangi ya barafu. Mwishoni alisema neno moja tu.

"Nipokee, dada."

Siku tatu mfululizo Mwalimu alinyoosha mkono. Mara tatu aliurudisha. Siku ya nne alichukua madaftari yake, akatoka, akafunga mlango. Safari hii aliufunga taratibu.

Aliporudi, Kijiko alikuwa amepiga magoti kando ya meza, mwili umepoa.

Duka sasa linauza simu, na pipa lilipasuliwa likawa kuni. Wapita njia bado humsimamisha Mwalimu kumwambia jinsi wanavyoikumbuka aiskrimu ya mzee. Huitikia kwa kichwa. Juu ya meza yake ya chakula kuna duara jeupe, upana wa mzunguko wa mkono. Amelisugua kwa maji ya moto, kwa sabuni, kwa msasa. Kila saa nane mchana hulowa upya, huku mwenyewe akiwa ameketi mbali, mikono ameifumbata kifuani. Jirani mmoja aliligusa, akalamba kidole. Anaapa kwamba ni chumvi, baridi kama barafu, na inanukia vanila.